Bomba limefika, maendeleo yako wapi? Jibu kwa mwalimu wa Iramba

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Iramba, mkoani Singida. Miaka minne iliyopita kijiji chetu kilichimbiwa kisima kirefu, likajengwa tenki na vituo sita vya kuchotea maji. Siku ya uzinduzi tuliambiwa kwamba mama ametuliwa ndoo kichwani na kwamba maendeleo yanafuata nyuma. Leo watoto darasani bado wanaharisha, dumu la lita 20 ni shilingi 50, na baadhi ya akina mama wamerudi lamboni kwa sababu kule hakuna malipo wala foleni. Mume wangu anasema maji ni huduma tu, hayana uhusiano na maendeleo. Naomba kuelezwa: ni kweli maji safi huinua nchi maskini, au ni maneno ya jukwaani?

Jibu: Mwalimu, ni kweli, ila njia ambayo maji hupitia kuleta maendeleo siyo ile inayosemwa siku ya kukata utepe. Nimefanya kazi ya maji vijijini kwa zaidi ya miaka 20, kwanza nikiwa fundi wa pampu, kisha mpimaji wa ubora wa maji, na siku hizi mkaguzi wa madaftari ya vyombo vya watumia maji. Nilichojifunza ni kwamba bomba halileti maendeleo kwa kuwepo kwake. Huleta kwa dakika linazozirudisha kwa mtekaji, kwa lita linazoziongeza nyumbani, na kwa idadi ya siku katika mwaka ambazo koki ikifunguliwa maji yanatoka. Yote uliyoyataja katika barua yako, yaani kuharisha, shilingi 50 na lambo, yanaingia humo.

Nianze na dakika, kwa sababu ndizo zinazosahaulika. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu dumu lenyewe. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 inataka kila mkazi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka anapoishi, na kila kituo kihudumie watu 250. Kaya ya watu sita ikitaka kufikia kiwango hicho inahitaji lita 150, yaani madumu saba na nusu kila siku. Kama lambo liko mwendo wa dakika 40 kwenda na kurudi, hiyo ni safari ya saa tano kwa siku. Hakuna mama atakayefanya hivyo. Atakachofanya ni kuteka madumu matatu na kupunguza matumizi: vyombo vinaoshwa kwa maji ya jana, mtoto anafutwa uso kwa upindo wa kanga, na kuoga kunasubiri. Kwa hiyo umbali haumchoshi tu mtekaji, bali pia unapunguza maji yanayoingia ndani ya nyumba, na upungufu huo una maradhi yake.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika jambo hili ulifanyika jirani kabisa, ng'ambo ya mto Ruvuma, katika uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, kwa ndugu zetu Wamakonde. Sandy Cairncross na Julie Cliff walichapisha matokeo yake mwaka 1987. Walilinganisha vijiji viwili: Namaua, kilichokuwa na bomba, na Itanda, ambacho wanawake wake walifuata maji kilomita kadhaa. Itanda, mtu mmoja alitumia wastani wa takriban lita 4 kwa siku. Namaua, takriban lita 11. Wanawake wa Namaua waliokoa zaidi ya saa moja na nusu kila siku, na yale maji ya ziada yalikwenda kwa sehemu kubwa kwenye kuoga na kuogesha watoto. Halafu wakapima macho: Itanda, watu 38 katika kila 100 walikuwa na dalili za trakoma, yaani ugonjwa wa vikope unaopofusha; Namaua, 19 katika kila 100. Nusu kamili, Mwalimu.

Hapa ndipo lilipo jibu la kwanza kwa mume wako. Tangu mwaka 1972, Gilbert White, David Bradley na Anne White walipochapisha utafiti wao wa matumizi ya maji majumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania, wataalamu wameyagawa maradhi yanayohusiana na maji katika makundi manne. Yapo yanayoingia kwa kunywa, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Yapo yanayotokana na uhaba wa maji ya kunawia na kuogea, kama vikope, upele na sehemu kubwa ya kuharisha kwa watoto. Yapo yanayopatikana kwa kugusa maji yenyewe, kama kichocho, ambacho vimelea vyake hupevuka ndani ya konokono wa malambo na mabwawa kisha hupenya ngozi ya anayeingia majini. Na yapo yanayoletwa na wadudu wanaozaliana majini au kuuma karibu na maji. Watu wengi wakisikia maji safi hulifikiria kundi la kwanza peke yake, wakati mtoto wa kijijini huumizwa zaidi na la pili, ambalo haliponi kwa usafi wa maji kama maji yenyewe ni haba. (Hapo hapo mkoani Dodoma, jirani zenu, watafiti wa trakoma wilayani Kongwa walikuta akina mama wakiamini kwamba kumnawisha mtoto uso kunakula maji mengi mno, hata wakaliacha; ikabidi waonyeshwe kwa vitendo kwamba lita moja inatosha nyuso za watoto wengi. Somo hilo unaweza kulifundisha asubuhi moja tu mbele ya darasa, kwa kopo lenye tundu.)

Sasa, kwa nini watoto wako bado wanaharisha wakati maji ya kisima kirefu ni safi? Chukua chupa tatu ndogo za kupimia zile zenye karatasi iliyotiwa dawa, ambayo hugeuka nyeusi baada ya siku moja au mbili iwapo maji yana vijidudu vya kinyesi. Ziulizie kwenye maabara ya ubora wa maji ya mkoa au kwa afisa afya wa wilaya. Ya kwanza ijaze moja kwa moja kwenye koki ya kituo. Ya pili ijaze kutoka kwenye dumu la mama aliyekwishafika nyumbani. Ya tatu ijaze kutoka kwenye mtungi au ndoo ya kunywea, kwa kikombe kile kile wanachotumia watoto. Nimefanya zoezi hili katika vijiji vingi kiasi kwamba sihitaji tena kusubiri: ya koki hubaki nyeupe, ya dumu hupata kijivu, na ya mtungi huwa nyeusi kama masizi. Ukitaka kujua sababu, vua kifuniko cha dumu lililotumika mwaka mzima na uingize kidole. Utakuta utelezi wa kijani kwenye kuta zake ambao hakuna anayeusugua, kwa kuwa mkono haupiti. Kisha mtazame mtoto wa miaka mitatu anavyochota maji ya kunywa, kikombe kikiingia pamoja na kiganja chote.

Jambo hili limepimwa kwa umakini mkubwa huko Busia, magharibi mwa Kenya, na kundi lililomjumuisha Michael Kremer, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019. Chemchemi za vijiji zilijengewa kwa saruji ili maji yatoke kwenye bomba badala ya kuchotwa dimbwini. Vijidudu kwenye chemchemi yenyewe vilipungua kwa takriban theluthi mbili. Lakini ndani ya nyumba, maji yale yale yalipopimwa, upungufu ulikuwa takriban robo tu, na kuharisha kwa watoto nako kulipungua kwa takriban robo. Robo si haba. Kuna watoto waliokingwa na kuharisha kwa sababu yake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya usafi ulionunuliwa kwa saruji ilipotelea njiani, kati ya chemchemi na kikombe.

Kinachoziba pengo hilo kwa gharama ndogo ni klorini, kwa sababu haiviui tu vijidudu vilivyomo, bali hubaki ndani ya maji na kuyalinda yakiwa kwenye dumu. Katika baadhi ya vijiji vya Kenya na Uganda wamefunga kisanduku cha klorini pale pale kwenye kituo, mtekaji anazungusha kitasa mara moja na dawa inaingia dumuni, kisha mwendo wa kurudi nyumbani unafanya kazi ya kukoroga. Kwenu, kwa kuwa mna tenki moja, ni rahisi zaidi: dawa iwekwe tenkini kwa kipimo, na koki ya mbali kabisa ipimwe kama bado ina miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita. Rangi ya waridi hafifu kwenye kipimo ndiyo unayoitaka. Muulize mhudumu ni lini mara ya mwisho aliiona.

Nisikufiche na upande wa pili, maana ningekuwa ninahubiri. Utafiti mkubwa uliofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga na kuchapishwa mwaka 2018 uliwapa wanakaya klorini, vyoo na sabuni, pamoja au kimoja kimoja, na haukuona watoto wakirefuka zaidi wala wakiharisha pungufu kuliko wenzao. Ule wa Zimbabwe nao haukuona tofauti ya urefu. Matokeo hayo yalituvunja moyo wengi. Tafsiri yangu ni kwamba pale mtoto anapocheza kwenye uwanja wenye kinyesi cha kuku na mbuzi, na anapokula mboga moja ya majani na ugali kila siku, dawa ya maji peke yake haiwezi kumpa kimo. Lakini wanaosema kwamba utafiti huo umethibitisha maji hayana faida wanakosea, kwa kuwa tafiti za usafishaji wa maji zikijumlishwa pamoja na kuangaliwa vifo badala ya urefu, zinaonyesha uwezekano wa mtoto kufa kabla ya miaka mitano ukipungua kwa takriban robo. Kurefuka ni jambo moja na kuishi ni jambo jingine.

Kwa kuwa uko Singida, lazima niongeze jambo moja kuhusu neno safi. Maji ya kisima kirefu yanaweza kung'aa kama kioo na yakawa na floraidi nyingi, yaani madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, ambayo kuchemsha hakuiondoi na klorini haiigusi. Kuna mikoa kadhaa yenye tatizo hilo, ukiwemo wenu, lakini mfano unaojulikana zaidi uko barabara ya Arusha kwenda Moshi, mahali panapoitwa Maji ya Chai, ambapo jina lenyewe linatokana na rangi ya mto. Huko utaona watu wazima wenye meno ya kahawia, na katika vijiji vya jirani watoto wenye miguu iliyopinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango chake kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu kiwango cha chini zaidi kingefunga visima vingi mno. Ukiona wanafunzi wa darasa la kwanza waliokua wakinywa maji ya kisima wanaota meno yenye mabaka, usingoje. Andika barua maji yapimwe.

Nirudi kwenye dakika zilizookolewa, kwa kuwa hapo ndipo mume wako ana hoja. Je, mama aliyetuliwa ndoo anazigeuza zile saa kuwa fedha? Mara nyingi, hapana. Si moja kwa moja. Watafiti wa Benki ya Dunia walipochambua takwimu za nchi tisa zinazoendelea, waligundua kwamba maji kuwa karibu hayakuwafanya wanawake wengi zaidi kupata kazi ya kulipwa nje ya shamba. Kule Tangier, Morocco, kaya zilizokuwa zikichota kwenye bomba la mtaa zilisaidiwa mkopo wa kuvutiwa maji ndani. Maradhi hayakupungua, kwa sababu hata bomba la mtaa lilikuwa na maji salama. Kipato hakikupanda. Kilichoongezeka ni muda wa kupumzika na kutembeleana, ugomvi wa majirani kuhusu maji ukapungua, na watu walipoulizwa walisema maisha yao yamekuwa mazuri zaidi. Wachumi wengine waliona hilo ni tokeo dogo. Mimi niliyemwona mama mjamzito akiweka dumu chini mara nne njiani ili apumue, silioni dogo.

Fedha huja kwa njia ya kuzunguka, na sehemu kubwa ya njia hiyo inapita shuleni kwako. Uchambuzi ule wa nchi tisa ulionyesha kwamba pale ambapo wavulana na wasichana hawakuwa sawa katika uandikishaji, maji kuwa karibu kulienda pamoja na watoto wengi zaidi, wa jinsia zote mbili, kuwa shuleni. Nchini Ghana, Céline Nauges na Jon Strand walikadiria kwamba muda wa kuteka maji ukipunguzwa kwa nusu, mahudhurio ya wasichana hupanda kwa takriban pointi 2.4 za asilimia. Ni namba isiyofaa kupigiwa makofi jukwaani. Lakini katika shule yenye wasichana 400 ni takriban 10, na hao kumi ndio watakaokuwa wahudumu wa zahanati na walimu baada ya miaka kumi na mitano. Chukua daftari lako la mahudhurio la miaka miwili kabla ya kisima na miwili baada yake, utazame miezi ya Agosti hadi Oktoba, wakati wa kiangazi kikali, darasa la nne hadi la saba, wasichana peke yao. Una ushahidi kabatini ambao mimi sina.

Mkumbushe mume wako pia mwezi Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia Dar es Salaam na kusambaa karibu nchi nzima, kikaendelea hadi mwaka uliofuata na kuugusa umma wa watu zaidi ya 20,000. Minada ilifungwa, mama lishe wakazuiwa kupika, na wahudumu wa afya wakaacha kliniki za kawaida kwenda kwenye kambi za wagonjwa. Hasara hiyo haionekani kwenye bajeti ya maji, lakini iko kwenye mifuko ya watu. Kwa upande mwingine, sipendi wanaotaja mji wa Kahama, uliopata maji ya Ziwa Victoria kupitia mradi uliozinduliwa mwaka 2009 kutoka chanzo cha Ihelele, kisha wakauhesabia mradi huo ukuaji wote wa mji. Kahama ina dhahabu, ina mpunga na ina barabara ya kwenda Rwanda na Burundi. Maji yaliuwezesha mji usikwame. Hayakuujenga peke yake.

Sasa tuje kwenye shilingi 50, ambayo ndiyo kiini cha barua yako hata kama uliitaja katikati. Mwaka 1971 serikali yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, tena bure. Ulikuwa mpango wa heshima na wafadhili waligawana mikoa: Wafini Mtwara na Lindi, Waswidi Kagera, Mwanza na Mara, Wadenmarki Iringa, Mbeya na Ruvuma, kila mmoja na aina zake za pampu. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa bado mbali, na sababu kubwa haikuwa kwamba visima havikuchimbwa. Vilichimbwa, vikafa. Hapakuwa na fedha ya dizeli, wala vipuri, wala mtu aliyejua ni wajibu wa nani. Hata baada ya malipo kuruhusiwa na kamati kuundwa, vituo vyote vya vijijini vilipohesabiwa nchi nzima muongo mmoja na kidogo uliopita, zaidi ya theluthi moja ya vile vilivyorekodiwa havikuwa vikitoa maji.

Nilikijua kifo cha namna hiyo mapema katika kazi yangu. Katika kijiji kimoja cha kusini nilikuta pampu ya mkono imesimama miezi saba, na kwenye mpini wake pameanikwa kanga. Kilichoharibika ni mpira wa ndani, kitu kidogo kinachoenea kiganjani na ambacho bei yake ilikuwa chini ya bei ya kuku. Fedha ya kamati ilikuwepo benki, zaidi ya mara mia ya bei ya mpira ule, lakini waliotia saini kwenye akaunti walikuwa watatu: mmoja amehamia Dar es Salaam, mmoja amefariki, na aliyebaki hakuweza kutoa peke yake. Miezi saba wanawake walipita kando ya pampu ile kila alfajiri wakielekea mtoni. Niliitengeneza kwa saa moja na nusu, na sikujisikia fundi hodari hata kidogo.

Ndiyo maana ninauheshimu sana ule mradi wa majaribio wa Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya, mwaka 2013, ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kwenye mipini ya pampu kifaa kidogo kinachotuma taarifa kwa mtandao wa simu, ili fundi ajue pampu imesimama bila kungoja mtu atembee kwenda kushtaki. Muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3. Pampu zilikuwa zile zile na watu wale wale. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na fundi anayelipwa kwa kuhakikisha maji yanatoka, na si kwa kuja kutengeneza baada ya kubembelezwa.

Kwa hiyo usiniombe niipinge hiyo shilingi 50, niombe tuihesabu. Vituo sita, kwa kipimo cha sera, vinahudumia watu 1,500. Tuchukue kwamba kwa sababu ya malipo kila mmoja ananunua lita 10 tu kwa siku, chini ya nusu ya kiwango. Hiyo ni lita 15,000, yaani madumu 750, yaani shilingi 37,500 kwa siku, na karibu shilingi milioni 13.7 kwa mwaka. Kama pampu yenu ni ya sola, hamnunui dizeli. Fedha hiyo inatosha posho za wahudumu, klorini, koki mpya, na kuweka akiba ya siku pampu iliyozamishwa kisimani itakapoungua, jambo litakalotokea tu. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ilipoanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, chombo chenu cha watumia maji kina wajibu wa kutunza hesabu hizo na kuzisoma mbele ya mkutano wa kijiji. Katika madaftari ninayoyakagua, tatizo si wizi mara nyingi kama watu wanavyodhani. Mara nyingi ni kwamba hakuna aliyeandika chochote tangu mwezi wa tatu.

Na hao akina mama waliorudi lamboni msiwaseme vibaya. Kwa kaya ya watu sita inayonunua madumu sita kwa siku, ni shilingi 9,000 kwa mwezi, na kwa anayelima kibarua mwezi wa Septemba hizo ni siku kadhaa za jembe. Tena ukipiga hesabu, 50 kwa lita 20 ni shilingi 2,500 kwa uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, bei ambayo mwenye bomba ndani ya nyumba mjini angeilalamikia. Wanachokifanya ni hesabu ya kawaida ya mtu mwenye fedha kidogo na kituo chenye foleni. Nimeona vijiji vikiitatua kwa kulipa kwa kaya kwa mwezi, baada ya mavuno, badala ya kwa dumu. Vingine vimefungua vituo hadi saa mbili usiku ili foleni ya asubuhi ipungue. Vingine vimetaja kwa majina, kwenye mkutano, wazee na wajane wasiolipa. Hata pasipofanyika lolote kati ya hayo, kuna mpaka unaofaa kuusemea shuleni: maji ya lambo yafyatulie matofali, yanyweshe mbuzi, yamwagilie mchicha, ila watoto wasiingie humo kuoga wala kufua, kwa sababu ya kichocho, na yasiingie kwenye mtungi wa kunywa.

Anza na zile chupa tatu. Zifanye na darasa la sita, waache wao wenyewe waende kuchota kwenye koki, kwenye dumu na kwenye mtungi, na wazipange dirishani wakijua ipi ni ya wapi. Rangi zikishabadilika mwalike mwenyekiti wa chombo cha maji aje kuziona kabla hujamwuliza habari ya daftari, kwa maana mtu aliyekwisha kuiona chupa nyeusi huongea na mwalimu kwa namna nyingine. Kisha niandikie majibu, pamoja na jina la mpira au kipuri kilichoharibika mara ya mwisho na idadi ya siku mlizokaa bila maji. Nitakuambia kama shilingi 50 ni nyingi au ni kidogo.